Pikipiki Aliyoichagua Mjomba Wako

Mwanangu Hilari,

Sikuulizi hali yako, maana naijua. Hivi sasa umekaa kwenye mkeka wa mjomba wako Barnaba, unakula kuku wake, na yeye anakupa maneno ya kuondokea. Selina yuko pembeni yako, ametulia kama mke mpya anavyotakiwa kutulia. Ndivyo desturi yetu inavyotaka: kijana anayekwenda kuishi ukweni huagwa na mjomba wake, na siku ya mwisho hulala kwa mjomba wake. Baba hubaki nyumbani. Basi mimi nimebaki nyumbani. Mama yako naye amekwenda kumpikia kaka yake, ameniachia kiporo cha ugali na samaki mmoja mkavu. Nimeshakula, nimenawa, nimechukua kalamu.

Nina wivu, Hilari. Nalisema mapema ili usisome karatasi nzima ukijiuliza mzee ana nini leo. Namwonea wivu mjomba wako, nawaonea wivu wakwe zako wa Newala ambao kesho watakupokea, na kidogo, Mungu anisamehe, namwonea wivu hata Selina. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa na kuamka kabla ya mama mkwe utaambiwa na mama yako mpaka masikio yakuume. Mimi nataka tuzungumze habari ya pikipiki.

Kesho asubuhi mtakwenda dukani kwa Mhindi, na pale barazani zitakuwa zimesimama zile mbili. Nyeusi, nzito, aliyoiacha yule mpima ardhi aliyerudi kwao Ulaya, na ndiyo anayoitaka mjomba wako. Na nyekundu, nyepesi, iliyoletwa na lori kutoka Lindi, ambayo baba yako ameisifia kwa kila mtu aliyemsimamisha njiani. Sisi wote wawili tumekuuliza, na wote wawili umetujibu, "Nitachagua kesho." Ulipokuwa mdogo ukiulizwa swali gumu ulikuwa unatazama miguu yako. Juzi nilikuona unaitazama.

Najua unafikiri ni ugomvi wa wazee wawili juu ya chuma. Si hivyo. Mimi jambo langu ni moja tu: nataka uwe unarudi kuniona. Mtu akishaoa akahamia kwa mkewe, hurudi kwao kwa sababu mbili, mjomba wake na watoto wa dada zake. Hao wana haki naye. Baba huonwa kama muda umebaki. Nayajua hayo kwa sababu mimi mwenyewe nilishuka kutoka Newala nikaja kuoa hapa Masasi, kama wewe unavyopanda kesho kwenda kuishi kwao Selina. Nimelima shamba la bibi yako mzaa mama mpaka akachoka kunisifu. Nimejenga kwenye ardhi ya watu. Nimezaa, na watoto ni wa ukoo wa mama yako, na msemaji wao ni Barnaba.

Ulipozaliwa, nilikuwa nimekuwekea jina la baba yangu. Barnaba akaja, akakuangalia, akasema, "Huyu ni Hilari." Ikawa ndiyo hivyo. Ulipotakiwa kwenda jandoni, aliyeulizwa ni yeye. Ulipopata nafasi ya kusoma Chidya, mwalimu alipomwita mzazi, alikwenda yeye, akavaa koti langu. Nakumbuka hilo koti kuliko ninavyokumbuka matokeo yako. Na tulipopanda Newala kukuposea, wazee wa Selina walimkalisha Barnaba kwenye kiti, mimi nikapewa kigoda karibu na mlango, na mambo yote yakasemwa juu ya kichwa changu. Ni sawa. Ndivyo ilivyo kwetu, hakuna aliyenionea. Lakini usidhani kwamba jambo likiwa desturi basi haliumi.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu na wewe peke yetu, nacho ni pikipiki. Hakuna mwingine katika ukoo huu aliyejua kuiendesha. Nilijifunza Nachingwea, kwenye yale mashamba ya karanga, nilipokuwa napeleka barua kambi hadi kambi, na nilikufundisha wewe kwenye mchanga nyuma ya soko, ukaanguka, ukacheka, ukaanguka tena. Barnaba akipita alikuwa anasimama mbali na kuziba masikio. Kwa hiyo ulipopata kazi ya udresa Newala, na ikajulikana kwamba wewe utazunguka vijijini na dawa, na mwenzio atazunguka nawe kwa kazi yake ya ukunga, nilijua kwamba wakati wangu umefika. Watu wawili, njia mbovu, pikipiki moja. Nani mwingine wa kuulizwa?

Akaulizwa Barnaba. Au tuseme hakuulizwa, alijileta, kwa sababu korosho zake ndizo zilizoongezea mshahara wako ukafikia bei. Alisimama mbele ya nyeusi, akaipapasa kiti kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Mlamu, mimi naiona hii." Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye masikio. Hapohapo nikaipenda nyekundu. Sikuwa hata nimeitazama vizuri.

Jumamosi ulipokuwa zamu hapa Masasi, tulizijaribu, na hukuambiwa ukweli wote. Mwenye duka alikubali tuzitoe moja moja, twende nazo njia ya Chiwata na kurudi.

"Mlamu," Barnaba akaniambia, "mimi sijui kuendesha. Wewe shika usukani, mimi nitakaa nyuma. Nitakwambia."

"Utaniambia nini wewe, hata gia hujui iko wapi?"

"Nitakwambia ninavyokaa."

Mwenye duka akacheka. Mimi nikacheka zaidi yake, nikamwambia panda basi, uje uniambie unavyokaa.

Tulianza na nyekundu. Niliiendesha kwa adabu zote. Kila shimo nililizunguka, kila mzizi wa mkorosho nilipunguza mwendo, kwenye mchanga ikapita yenyewe bila kuyumba. Nyepesi ile, inatii mkono. Tulipofika kwenye kile kilima kidogo kabla ya Chiwata, gurudumu la mbele likawa jepesi mno kwa sababu uzito wote wa mlamu ulikuwa nyuma, na mara moja likanyanyuka. Nilijifanya sikuona. Yeye nyuma alikuwa amekaa kwenye ule mto mdogo wa peke yake uliofungwa juu ya madigadi, na nilimsikia akiguna kila mahali ambapo mimi sikuhisi kitu.

Kisha tukachukua nyeusi. Hapa, mwanangu, baba yako alifanya utoto. Mashimo niliyoyazunguka kwa nyekundu, kwa nyeusi niliyaingia. Mizizi niliipanda kwa mwendo uleule. Nilikuwa nataka ashuke analia. Tulipofika kwenye mchanga ikazama, ikabidi Barnaba ashuke asukume, na mtu mzima yule, na tumbo lile, jasho likamtoka mpaka kwenye mkanda. Nilifurahi, nisikufiche.

"Unaona?" nikamwambia. "Inazama."

"Inazama," akakubali, huku anahema. "Tena sana."

Nikajua nimeshinda. Tukarudi mpaka dukani, nikasimamisha, nikashuka. Yeye akabaki amekaa, anatazama watu wanavyopita.

"Vipi, hushuki?"

"Nashuka. Nilikuwa napumzika kidogo." Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, "Mlamu, ile nyekundu nilikuwa natamani kushuka tangu hatujafika hata kwenye kilima. Hii umenipitisha kwenye mashimo yote ya wilaya, na mgongo wangu haujanung'unika."

Nikamjibu kwamba ni uzee unamsumbua. Tukaachana bila kuagana vizuri. Wiki nzima nimesema kwa watu kwamba nyeusi inazama kwenye mchanga, na ni kweli inazama, na kwa sababu ni kweli niliona raha kuisema.

Jumapili baada ya ibada mlikuja wote hapa kula, utakumbuka nilimuuliza mkeo mbele yenu, "Mwanangu Selina, wewe utakayekaa nyuma, unapenda ipi?" Akapiga goti kidogo, akasema, "Yoyote mtakayoona inafaa, baba." Nikakutazama wewe, nikamtazama Barnaba, kama vile amesema nyekundu. Mlipoondoka mama yako alinifuata uani nikiwa nafunga kuku.

"Baba Hilari, umemuuliza mtoto wa watu mbele ya mume wake, mjomba wa mume wake na wewe mwenyewe. Ulitaka akujibu nini?"

"Amejibu vizuri."

"Jikoni ndiko alikojibu. Kaniuliza kanga yake itakaa wapi."

"Kanga?"

"Kanga. Wewe unapanda na suruali, unatanua miguu, unakwenda zako. Mwanamke anakaa upande. Miguu yote miwili iko huku, na upindo wa kanga uko huku. Sasa mtoto anauliza, kwenye hizo pikipiki zenu, cheni iko upande gani?"

Nimeendesha pikipiki miaka yote ile Nachingwea, na kiti cha nyuma nilifunga mifuko ya barua. Mfuko wa barua hauvai kanga.

Jumatatu nikaenda dukani peke yangu, na kanga ya mama yako imekunjwa kwapani. Nikamwambia mwenye duka anisaidie kuishika nyekundu. Nikajifunga kanga juu ya suruali, nikakaa upande kwenye ule mto mdogo, miguu inaning'inia, na yeye akaisukuma polepole kwenye baraza lake. Watu wakasimama. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi aliishika midomo kwa mikono miwili. Hatujafika mwisho wa baraza, upindo wa kanga umeshaingia kwenye cheni, ukachafuka grisi na kuchanika. Kama tungekuwa kwenye mwendo, ningevutwa chini mzimamzima. Nikahamia nyeusi. Cheni yake imefunikwa na bati kuanzia mbele mpaka nyuma. Kiti ni kimoja kirefu, mtu anakaa upande na bado ana mahali pa kuegemea, mguu una pa kukanyaga, na nyuma kuna springi zinazoshuka na kupanda. Nilikaa pale nimefungwa kanga, na kwa mara ya kwanza nilielewa kile Barnaba alichokisema kwa matako yake.

Roho iliniuma, Hilari. Ingekuwa nafuu kama angekuwa amebahatisha.

Sasa nikwambie kwa nini sikuweza kuliacha hapo, ingawa nilitaka. Nilipomwoa mama yako nilikuwa na baiskeli. Mwaka ule wa kwanza nilimpakia kwenye keria, nikampeleka Newala kwa mama yangu. Keria ya chuma tupu. Njia yote hiyo ya mchanga, kisha mlima wa Newala tukasukuma, kisha akapanda tena, na mimi mbele napiga miluzi, najiona mume. Alipofika hakuweza kukaa. Mama yangu alimkanda kwa maji ya moto, na siku zile maji yetu kule juu yalichotwa bondeni, mwanamke alitoka na kiza na kurudi jua kali na mtungi mmoja. Mtungi huo wote aliumalizia kwenye mgongo wa mkwe wake.

Mwaka uliofuata nikamwambia mama yako twende tukawasalimie. Akasema, "Wewe nenda." Nikaenda. Mwanamume aliyehamia ukweni akirudi kwao peke yake, kila anayekutana naye humuuliza kama amefukuzwa. Nilichoka na swali hilo. Mwaka mwingine nikaenda siku chache, mwingine sikwenda, mwingine nilituma salamu kwa mtu. Mama yako alikuwa hajakataa, ila kila nikikumbusha safari alikuwa anajishika kiuno. Na mimi sikufikiria hata mara moja kukunja gunia na kulifunga kwenye keria. Gunia moja tu lingetosha.

Mama yangu hakuniambia kitu. Ila kila nilipofika, na kila aliponitumia salamu, aliuliza neno moja: "Mgongo wa mwenzio umepona?" Miaka inapita, yeye anauliza mgongo. Mpaka mara ya mwisho nilipomkuta kitandani aliuliza mgongo. Nilidhani amezeeka, anasahau kwamba ameshauliza. Sasa mimi ndiye ninayebaki chini na mwanangu anapanda juu, ndiyo nimejua alikuwa anaona wivu na hakuwa na njia nyingine ya kuusema. Mimi nimeona bora niuseme.

Kwa hiyo chukua nyeusi. Usinitazame usoni kesho kunipima, nimeshakwambia, chukua nyeusi. Utaishi kwao Selina, na mtu anayeishi kwa mkewe husafiri pale mkewe anapokubali kusafiri. Siku atakapokuambia "wewe nenda," nitakuwa nimekupoteza, na safari hii hata sitaweza kumlaumu Barnaba. Mwambie umeichagua mwenyewe. Atadhani umemtii, atatembea kifua mbele soko zima. Mwache atembee. Usimwambie kwamba mimi nilikubali, hilo siliwezi bado.

Na mchanga, ni kweli utakusumbua. Usingoje izame. Ukiuona mbele, simama, Selina ashuke atembee kidogo, upite peke yako, umngoje. Yeye akiwa nyuma yako haoni kinachokuja, anaona mgongo wako tu, kwa hiyo mwambie kwa sauti: shimo, mzizi, mbuzi. Mama yako alinisimulia baadaye sana kwamba kilichomuumiza kwenye keria zaidi ya chuma ni kushtukizwa. Na usimuulize kama amechoka. Atasema hajachoka, wamefundishwa hivyo. Sema umechoka wewe, usimamishe, ujinyooshe, ulalamike kidogo, naye apumzike bila kuomba.

Jambo jingine nalisema kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Mtazaa, na watoto watakuwa wa kina Selina, na kaka yake, yule mrefu mpole, atakuwa Barnaba wenu. Atampa mwanao jina. Atavaa koti lako. Utatabasamu mbele za watu na ndani utawaka. Usijione mtu mbaya. Kaka mtu hatakuwa na kosa, ndiyo maana itakuuma. Mimi laiti Barnaba angekuwa mchoyo au mlevi ningepumzika zamani, ningekaa hapa barazani nikamsema mpaka jua lizame. Lakini anakupenda. Ametoa korosho za mwaka mzima kwa ajili ya kiti chako, wakati mimi nilikuwa naingia mashimo kwa makusudi. Nimelitafuta kosa lake jioni yote hii, nimepata kwamba anakoroma.

Nasikia mnacheka huko kwake. Sauti ya mama yako naitambua kabisa. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lako, ule wa kushoto, na utaisoma mtakapofika. Kwa hiyo habari ya nyeusi nitakuambia kesho mwenyewe kabla hatujatoka, kwa maneno mawili, nitajikaza. Haya mengine siyawezi mdomoni.

Ila nina ombi moja. Mtakaporudi mara ya kwanza, njia ya kutoka Newala inapita mlangoni kwa mjomba wako kabla ya kufika kwangu, na huwezi kupita bila kusimama. Sikuambii upite. Simama, mshuke wote wawili, mumsalimie kwa heshima zake zote, Selina apige goti. Akiwakaribisha ndani, semeni mtarudi. Lakini injini usizime. Najua ni utovu wa adabu kumpa mtu mzima shikamoo huku pikipiki inanguruma mlangoni kwake, na atakasirika, na atakuja kunishtaki kwa mama yako. Lawama zote nipe mimi. Kutoka kwake mpaka hapa sauti inafika vizuri. Mimi nitakuwa nimekaa nje, na wakati wote itakapokuwa inanguruma nitajua kwamba hapo kwake mmesimama tu, bado hamjafika.

Ni mimi, baba yako.